Lita 1,440 sebuleni, na mama mkwe kutoka Newala

Mama mkwe aliposhuka kutoka Newala kuja kukaa nasi Mtwara mjini, hakuuliza atalala chumba gani. Alisimama katikati ya sebule, kapu la korosho bado mkononi, akakazia macho ukuta wa mbele.

"Mwanangu, maji haya mnakunywa?"

"Hapana, Mama. Ni ya samaki."

"Wanaliwa lini?"

"Hawaliwi, Mama. Ni wa kutazama tu."

Akaweka kapu chini. "Ndoo ngapi?"

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na swali la namna hiyo hunipata nimejiandaa. Nikajibu kwa majivuno kabisa: lita 1,440, yaani ndoo 72 za lita ishirini. Nikaona midomo yake ikicheza anairudia ile 72 kimya kimya, na hapo ndipo nilipotamani ningenyamaza.

Mama amezaliwa na kukulia juu ya uwanda wa Makonde. Kule mvua ikinyesha inazama kwenye udongo wa kichanga, na visima vya zamani vilikuwa chini mabondeni. Wanawake wa rika lake walikuwa wanateremka mlima alfajiri na kuupanda na ndoo kichwani. Siku hizi mabomba yamefika sehemu nyingi, lakini mtu aliyelelewa hivyo haoni lita. Anaona vichwa. Mbele yake palikuwa na safari 72 za mlima, zimetulia nyuma ya kioo, na samaki wanajisaidia humo.

Hakusema neno lingine siku ile. Nililiweka moyoni.

Tangi lenyewe nililijenga mwaka 2021. Nasema nililijenga kwa sababu halikununuliwa. Kwa ukubwa ule, kulisafirisha zima kutoka Dar kwa barabara ya Kibiti na Nangurukuru ni kutafuta kilio. Nikaamua ukuta wa tofali pande tatu, kioo mbele tu. Urefu mita 2.4, upana sentimita 80, kina cha maji sentimita 75. Fundi alipoona namwaga zege lenye nondo ndani ya sebule alicheka sana. "Mwalimu, hapa tunajenga birika au kaburi?" Nikamwambia maji pekee yatakuwa karibu tani moja na nusu, bado tofali, mchanga na mawe. Akaacha kucheka, akaongeza nondo mwenyewe.

Fundi vioo ndiye aliyenitoa jasho. Alikuja na kioo cha dirisha, milimita 6, akaniapia kwamba kinatosha kwa sababu tangi "siyo refu kwenda juu". Nikachukua chaki nikamfanyia hesabu sakafuni. Maji ya kina cha sentimita 75 kwenye urefu wa mita 2.4 yanausukuma upande wa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 675. Kinachoamua ni kina cha maji na urefu wa kioo. Hata tangi lingekuwa jembamba kama kabati, nguvu hiyo ni ileile. Kilo 675 usiku na mchana, miaka yote, Idi na Pasaka. Nikaagiza Dar kioo cha milimita 19. Kipande kilikuwa na karibu kilo 90, wakakibeba vijana wanne wakitembea kama wamebeba jeneza. Na hakikubandikwa kwa nje. Kilisimamishwa kwa ndani, kikiegemea ukingo wa zege, ili maji yanapokisukuma yakikandamize kwenye gundi ya silikoni badala ya kukibandua. Kama kuna jambo moja kwenye ujenzi ule ninaloweza kujisifia, ni hilo.

Saruji mbichi ina chokaa. Nilijaza tangi mara ya kwanza, nikapima pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, karatasi ikaenda buluu iliyokolea, zaidi ya 10. Nikamwaga, nikajaza tena, nikamwaga. Maji ya kwanza niliyapeleka kwenye tuta la mchicha kwa kubana matumizi, na mchicha ukaungua wote. Baadaye nikakausha, nikapaka rangi ya epoksi inayotumika kwenye matangi ya maji ya kunywa, nikasubiri hadi harufu ikaisha kabisa. Silikoni nayo inanuka siki wakati inakauka. Mume wangu alikuwa akiingia anauliza nani anatengeneza achari.

Samaki nilitaka wa kwetu. Wale wekundu wa dukani sina ugomvi nao, ila Lindi tuna maziwa madogo kama Rutamba, na humo anaishi perege ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis korogwe. Jina hilo linatokana na Korogwe, huko Tanga, na hadi leo napenda kuwaambia wanafunzi kwamba samaki mmoja anapatikana kaskazini kule na huku kwetu Lindi. Wavuvi waliniuzia vifaranga ishirini, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Nikavifunga kwenye mifuko, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, nikapanda nalo gari nimelipakata kama mtoto.

Na hapo, mimi mwalimu, ninayechora mzunguko wa naitrojeni ubaoni kila mwaka, nikafanya kosa ambalo ningempa mwanafunzi sifuri. Tangi lilikuwa na maji kwa wiki mbili tu. Bakteria wanaogeuza amonia, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga kwenye chujio. Nilijua. Ila nilijiambia tangi ni kubwa, vifaranga ni vidogo, maji yatabeba.

Nililolisahau ni maji ya Mtwara yenyewe. Tunakaa juu ya mawe ya matumbawe. Birika langu la chai lina ukoko mweupe ndani, na pH ya maji yangu ni 8.2. Juu ya hilo, joto la maji sebuleni mwezi wa kumi na moja linafika nyuzi 30. Amonia ina sura mbili majini, moja karibu haina madhara na nyingine ni sumu, na kinachoamua kiasi cha kila moja ni pH na joto. Kwenye pH 7 na joto hilohilo, sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8.2 inafika kama asilimia 11. Yaani uchafu uleule ambao samaki wa mtu mwenye maji laini, yasiyo na chokaa, wanauvumilia, kwangu ulikuwa sumu zaidi ya mara kumi. Ndani ya wiki moja nilitoa vifaranga tisa, vimepauka, matamvua mekundu kama vimepakwa rangi. Wakabaki kumi na mmoja.

Tangu hapo nikawa na daftari. Joto, pH, amonia, nitriti, nitrati, kila Jumamosi. Nilipokuwa na bakuli la samaki wawili utotoni, maji yakiharibika asubuhi, jioni unajua. Tangi kubwa lina adabu mbaya: linakaa kimya. Linameza kosa lako la Machi, la Aprili, la Mei, unaona kila kitu kinang'aa, unajipongeza, halafu siku moja linakurudishia yote kwa mpigo.

Mwaka uliofuata ndipo Mama alipokuja. Na ni mwaka huohuo ndipo mimi nilipoanza kulegea. Samaki walikuwa wazima, wanakula, wamenenepa, kwa nini nisumbuke kubadilisha maji lita 350 kila wiki? Nikawa nafanya kila wiki mbili, kisha tatu. Kusema kweli macho ya Mama yalichangia. Kila nilipofungua mpira kumwaga maji nje alikuwa anatoka barazani na kuyatazama yakipotea mchangani, anaguna. Niliona haya. Kuacha kubadilisha maji nikakuita kubana matumizi.

Daftari lilikuwa linaniambia, nami nalisoma kama mtu anayesoma gazeti la juzi. Nitrati 40. Nitrati 60. Nitrati 80. Na hesabu nyingine sikuifanya kabisa: perege aliyekuja na sentimita 5 sasa alikuwa na 20. Amerefuka mara nne, lakini uzito haupandi mara nne. Unapanda kama mara 64, kwa kuwa anaongezeka pia unene na kimo. Samaki kumi na mmoja walewale, chujio lilelile, mzigo wa jeshi.

Umeme ulikatika usiku mmoja saa tatu. Tukalala. Kilichoniamsha ni sauti ya maji: chwaa, kimya, chwaa, kimya. Nikadhani bomba limepasuka, nikatoka mbio.

Mama alikuwa amesimama juu ya kigoda, khanga kaifunga kifuani, tochi ya simu yake ndogo kaibana kwapani. Anachota maji tangini kwa sufuria, anainyanyua mpaka usawa wa paji la uso, anayamwaga tena tangini. Anachota, ananyanyua, anamwaga. Aliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, akawaona samaki wote wamejipanga juu, midomo nje, wanahema.

"Hawa hawapati pumzi," alinijibu kabla sijauliza. "Lete sufuria yako."

Nilileta. Tukachota pamoja mpaka kukapambazuka, na sikumuuliza kalijulia wapi. Maji ya nyuzi 30 hata yakiwa masafi hayawezi kushika zaidi ya miligramu saba na nusu hivi za oksijeni kwa lita. Yakikaa bila kutikiswa usiku kucha, na samaki wakubwa kumi na mmoja na uchafu wa miezi mitatu, zinakwisha. Kuyamwaga kutoka juu kunayachanganya na hewa. Ni fizikia ninayoifundisha. Mwenye sufuria alikuwa yeye.

Mpaka saa kumi na moja na nusu wote walikuwa hai. Waliokufa niliwaua mimi baada ya hapo. Umeme uliporudi nilifurahi, nikawasha swichi ya pampu bila kufikiri. Chujio langu ni pipa lililofungwa, na lilikuwa limekaa saa nane na nusu bila maji kupita. Bakteria wazuri ndani yake walikuwa wamekosa hewa na kuanza kufa. Pampu ilipovuta ikatema tangini maji meusi yananuka yai viza. Kufikia jioni perege watatu walikuwa wamegeuka matumbo juu. Mume wangu aliwafukia chini ya mpapai.

Sasa umeme ukikatika zaidi ya saa moja, pipa nalifungua kwanza, nalimwaga, nasuuza sifongo zake kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yana klorini, na klorini haichagui bakteria wa kuua. Halafu ndipo nawasha. Na pembeni nimeweka machujio mawili ya sifongo yanayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, imeunganishwa na betri ya gari, na betri inachajiwa na sola juu ya bati. Jua la Mtwara hatununui. Mfumo huo mdogo, wa kizamani, uliniokoa tena Mei 2024, pampu kubwa ilipoungua wakati wa kimbunga Hidaya. Niliagiza nyingine Dar, lakini barabara ilikuwa imekatika Somanga, magari yamekwama. Siku zile zote tangi liliishi kwa mapovu ya betri.

Turudi kwa Mama. Baada ya usiku ule alijipa madaraka. Siku ya tatu aliniita nje, akanionyesha bati la nyumba kama fundi anayeonyesha ufa.

"Mvua yote hii inakwenda wapi?"

Kwao kila nyumba yenye akili inakinga mvua. Mimi nilikuwa naimwaga halafu nalipia bili. Tukaweka mfereji na simtanki. Bati letu lina kama mita za mraba 100, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo hapa Januari inanyesha kati ya chai na chakula cha mchana, inakupa lita elfu moja ukikinga yote. Na kuna faida niliyokuja kuielewa baadaye. Maji yanapopungua tangini kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu, chokaa inabaki. Nilipokuwa nafidia kwa maji ya bomba nilikuwa naongeza chokaa juu ya chokaa, mwezi baada ya mwezi, kioo kina mstari mweupe hauondoki hata kwa limau. Maji ya mvua hayana chokaa. Nafidia kwa mvua, nabadilisha kwa mchanganyiko wa mvua na bomba, na ya bomba nayalaza siku nzima kwenye pipa yakitikiswa na hewa ili klorini iondoke.

Maji machafu hayamwagiki tena mchangani. Mpira unakwenda kwenye mchicha, matembele na migomba mitatu, nitrati yote ile ni mbolea. Jumamosi jirani zangu wawili wanakuja na ndoo zao kabla sijafungua. Mmoja anasema bamia zake hazijawahi kuzaa hivi. Mimi naona ni mbegu nzuri, lakini sibishani, maana ananisaidia kubeba.

Kubadilisha maji kumerudi kila wiki. Mama haguni.

Wiki moja kabla ya Ramadhani aliniambia perege mmoja, jike lenye doa jeusi mkiani, halijala. Nikaenda kwenye daftari, vipimo viko sawa. Siku ya pili hajala. Siku ya tatu nikaanza kupiga hesabu ya dawa. Ukisoma pakiti imeandikwa kijiko kwa lita 50, unacheka mpaka uikokotoe kwa lita 1,440. Nilikuwa tayari kulipa. Mama akanishika mkono.

"Mwangalie shavu."

Niliangalia. Kidevu kilikuwa kimetuna, na mdomo uliofungwa ulikuwa unacheza polepole, kama bibi anayetafuna tambuu bila kutaka watoto wajue.

"Huyu hajaugua. Ana kitu mdomoni."

Nilijua, na wakati huohuo sikujua. Jike la perege wa jamii hii hubeba mayai mdomoni, na muda wote huo hali, au anaonja tu. Hata mtihani nimewahi kuutunga juu yake. Lakini nilikuwa natazama vipimo, sikutazama shavu. Mama hasomi. Alichukua kipande cha mkaa akachora mstari ukutani kando ya tangi, mmoja kwa kila siku ambayo jike lile halijala. Mistari ilipofika 13, asubuhi, tukaona vumbi linatembea mbele ya uso wake. Vumbi lenye macho. Nilisogeza kidole kwenye kioo, na wote wakarudi mdomoni kwa sekunde moja, kama mchele unaomwagwa kinyumenyume.

Wengi waliliwa na wengine tangini. Hilo lilikuwa la kutegemewa. Niliwahi kuokoa ishirini na kitu kwenye beseni.

Kisha ukaja ugomvi wa nafasi. Dume kubwa kuliko wote lilichimba shimo katikati ya mchanga, upana wa sinia, likakataza kila mtu kupita. Lilimng'oa mwenzake magamba ubavu mzima. Niliongeza mawe kukata njia, likayazunguka. Kulirudisha Rutamba sikukubali. Samaki aliyekaa na maji ya nyumbani anaweza kupeleka ugonjwa, na maziwa yale yana shida yake tayari, sato wa kuletwa wanazaliana na perege wa asili mpaka hujui nani ni nani. Kumpa mtu mwenye tangi la ukubwa huo, Mtwara hii, ningempata wapi?

Mama alisikiliza hoja zote hizo akiwa anachambua mchele. Aliponyanyua uso aliuliza jambo moja tu.

"Umewahi kuwatia dawa?"

"Hapana, Mama. Chumvi tu, mara moja."

"Haya."

Jumapili alilitoa mwenyewe kwa wavu. Alilipara magamba uani, akalikaanga kidogo, kisha akaliunga nazi na embe mbichi. Lilijaa sufuria ileile ya usiku wa umeme. Watoto walikula, baba yao alirudia mara mbili. Mimi nilichukua ugali na mchuzi tu.